Picha za Gari la Moshi katika Njia ya Ruvu na Mnyusi

Mlingotini ni kijiji cha pwani, kusini ya mji wa Bagamoyo, mbele ya Kaole na Mbegani kwa mtu atokaye mjini. Wakazi wake huishi kwa samaki, kwa mwani na kwa minazi, na jina lenyewe lataja kiungo cha chombo cha baharini. Hapana reli Mlingotini, wala haijapata kuwapo. Walakini katika nyumba ya marehemu mjomba wangu kijijini hapo, juu ya mlango wa chumba cha wageni, ilitundikwa kwa miaka mingi picha moja ya gari la moshi. Ni picha ndogo, nyeusi na nyeupe, iliyoliwa na mende pembeni. Yaonyesha injini ya mvuke na mabehewa mawili nyuma yake. Behewa la tatu limekatwa na ukingo wa karatasi. Kando ya reli amesimama mtu mwenye kaptura, mkononi ameshika bendera iliyokunjwa, na miguuni pake mna vitu vyeusi viwili ambavyo mimi nilividhani visiki. Nyuma ya yote ni pori na mivumo michache. Ukiigeuza picha hiyo huoni neno hata moja lililoandikwa.

Mjomba alipofariki, mkazamjomba alinikabidhi picha hiyo nikaichunguze, kwa hoja kwamba mimi ndiye niliyesoma. Nyumbani ilijulikana kwa jina la "treni inapita Wami", na yule mwenye bendera alidhaniwa kuwa mjomba mwenyewe, maana ujanani alikuwa kibarua wa gengi la reli katika njia iendayo kaskazini kutoka Ruvu. Haya ndiyo niliyopewa. Niliyoyapata baadaye ndiyo makala hii, na kwa kuwa njia yenyewe haijulikani sana hata kwa wanafunzi wetu wa historia, sina budi kuanza nayo.

Wajerumani walijenga katika nchi hii reli mbili kubwa zisizokutana. Ya kwanza ilianzwa Tanga mwaka 1893, ikaenda pole pole mno. Ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na mwaka 1912 ilikuwa imefunguliwa hadi Moshi. Ya pili ilianzwa Dar es Salaam mwaka 1905. Hiyo ilikwenda mbio: Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914. Bagamoyo, mji uliokuwa mlango wa misafara ya bara yote, ukaachwa katikati ya reli hizo mbili bila kuguswa na hata moja. Ulikuwa umekwisha kupoteza makao ya serikali mwaka 1891. Sasa ukapoteza na wapagazi. Mengi yameandikwa juu ya anguko hilo, nami sitayarudia. Nataka tu msomaji akumbuke kwamba baina ya reli ya Tanga na reli ya Kati palikuwa na pengo, na pwani ya Bagamoyo ilikuwa ndani ya pengo hilo.

Waingereza, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, waliiunga reli ya Tanga na ile ya Kenya kwa kujenga kipande cha kutoka Voi hata Kahe. Hivyo Moshi, na baadaye Arusha iliyofikiwa na reli mwaka 1929, zikawa zimeungana na Mombasa na Nairobi, ilhali Tabora na Kigoma zilibaki kisiwani. Hata baada ya mwaka 1948, zilipounganishwa reli zote za Afrika Mashariki chini ya shirika moja, injini iliyotakiwa kutoka Nairobi kwenda Tabora haikuwa na njia ya kwenda kwa magurudumu yake yenyewe. Ilipaswa kupakiwa melini na kushushwa Dar es Salaam. Kwa maneno mengine, kwa zaidi ya miaka arobaini kuhama kwa injini baina ya sehemu hizo mbili kulikuwa safari ya baharini, na safari hiyo ilipita mbele ya Mlingotini.

Pengo hilo lilizibwa mwaka 1963. Njia mpya, yenye urefu wa karibu kilomita 190, ilitoka Ruvu katika reli ya Kati ikaelekea kaskazini, ikakata nchi ya nyuma ya Bagamoyo, ikavuka mto Wami, ikapita upande wa magharibi wa mbuga za Saadani, ikavuka mto Pangani, ikaungana na reli ya Tanga huko Mruazi, karibu na Mnyusi. Ilipita katika pori lenye watu wachache. Haikujengwa kwa ajili ya mji wowote wala zao lolote la njiani; ilijengwa ili reli mbili zipate kushikana mikono. Basi tangu kuzaliwa kwake ilikuwa njia ya kupitia tu, na njia ya namna hiyo haina mwenyewe wa kuilalamikia inaposahauliwa.

Na kweli ilisahauliwa mapema. Kitabu kikubwa cha M. F. Hill juu ya historia ya reli za Tanganyika kilitolewa katika miaka ya 1950, njia hii ikiwa haijajengwa bado, na baada yake hakikuandikwa kingine cha namna ile juu ya reli zetu. Ilipofika miaka ya 1970, macho yote yaligeukia TAZARA. Ile ni reli ya kilomita 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa China tangu mwaka 1970, na kila daraja lake lilipigwa picha likijengwa na likizinduliwa: wahandisi, wakulima wanaopunga mikono, marais wenye makoti. Siulaumu wingi wa picha hizo, ni hazina. Nasema tu kwamba nchi moja ilikuwa na reli mbili mpya katika miaka kumi na tano, moja ina maelfu ya picha, na nyingine ina picha ambazo mtu aweza kuzishika kwa kiganja kimoja.

Wapiga picha wageni nao walikuwa na mapenzi yao. Kabla ya Vita vya Kwanza, Mjerumani Walther Dobbertin alipiga picha nyingi katika nchi hii, na leo zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Ujerumani. Nusu karne baadaye walikuja wapenzi wa injini za mvuke, wengi wao Waingereza. Hawa walifuata hasa yale majitu ya daraja la 59, injini 34 zilizotengenezwa Manchester mwaka 1955 na 1956, zenye uzito wa tani 252 kila moja, zilizofanya kazi baina ya Mombasa na Nairobi. Kila moja ilipewa jina la mlima. Iko hata leo katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi injini iitwayo Mount Gelai, na jirani yake Mount Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania, na mtu wa Upare atakaye kuuona mlima wake ukiwa umefanywa chuma hana budi kuvuka mpaka. Nani basi, mwenye tikiti ya kurudi Ulaya na filamu za kuhesabu, angekwenda kukaa porini kusini ya Wami kungoja treni ambayo huenda isije kwa siku tatu?

Hapa ndipo ninapotaka kutua kidogo. Katika njia yenye treni nyingi, picha ya treni si ushahidi wa jambo kubwa. Ratiba imechapishwa, hesabu za tani na abiria zimewekwa, magazeti yametaja kuchelewa kwake. Picha yaja kupamba tu yale tunayoyajua. Lakini katika njia isiyotumika sana mambo hugeuka. Treni ipitayo huko aghalabu haimo katika ratiba: ni injini inayopelekwa karakana, au mabehewa matupu yanayorudishwa, au shehena ya mataruma na kokoto. Husafiri kwa amri iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi, na karatasi hiyo huishia motoni au tumboni mwa mchwa. Mtu akiwa amesimama hapo na kamera, ile picha yake yaweza kuwa hati pekee kwamba siku fulani, mahali fulani, njia ile ilikuwa hai. Mwanahistoria anayeidharau kwa kuwa ni mchezo wa wapenda mashine anajinyang'anya mwenyewe.

Na uhai wa njia hii ulikuwa jambo la kubishaniwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Ndipo njia iliyokuwa ya kupitia tu ikawa uzi pekee ulioishikilia reli ya kaskazini kwa Shirika jipya la Reli Tanzania. Injini ya Tanga au Moshi iliyohitaji matengenezo makubwa ilipaswa kushuka kwa njia hii hata Ruvu, kisha kwenda karakana ya Morogoro. Kisha barabara zikawa nzuri na malori yakawa mengi. Huduma ya abiria ya kaskazini ilikoma katika miaka ya 1990. Mwaka 2007 uendeshaji wa reli ulikabidhiwa kampuni ya ubia na Wahindi, na miaka michache baadaye ukarudi mikononi mwa serikali. Majani yakapanda juu ya tuta. Katika miaka ile nilipata kusikia watu wazima, wenye elimu yao, wakisema kwamba hakuna reli baina ya Ruvu na Tanga na haikupata kuwapo. Mtu akisema hivyo, utamjibu kwa kitu gani?

Nilianza basi na ile picha ya Mlingotini, nikaisoma kama tuwafundishavyo wanafunzi kusoma shairi lisilo na jina la mtunzi, yaani kwa kuuliza ni lipi haliwezi kuwa. Haiwezi kuwa kabla ya mwaka 1963, ikiwa kweli ni njia ya Ruvu na Mnyusi. Ubavuni mwa tangi la injini mnasomeka, kwa kioo cha kukuzia, herufi za shirika la Afrika Mashariki. Kwa hiyo ilipigwa kabla ya mwaka 1977, au muda mfupi baadaye, kwa maana jumuiya huvunjika kwa tangazo la siku moja lakini rangi hubaki hata atakapokuja mtu na brashi. Namba ya injini imemezwa na mng'aro wa jua. Nilikuwa na miaka kumi na minne ya kuchagua ndani yake, na hapo nikakwama.

Aliyenikwamua ni mzee mmoja wa Korogwe, dereva wa treni mstaafu, aliyeanza kazi akiwa fayamani, yaani mtunza moto wa injini. Nilimkuta barazani kwake. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za watoto na za mvua, akaipokea picha, akaisogeza jichoni, akacheka.

"Nyie mwaiitaje hii?"

"Treni inapita Wami, mzee."

"Hili halipiti, mwanangu. Hili limesimama. Tazama moshi wake, umesimama wima kama mnazi. Gari likienda moshi hulala. Na huyu wa bendera ameikunja. Bendera ikikunjwa, kazi yake imekwisha."

Nikamwuliza limesimamia nini porini pasipo stesheni. Akanitazama kama mtu amtazamavyo mtoto aliyeuliza mvua hutoka wapi. "Maji," akasema. "Hayo mapipa huyaoni?"

Visiki vyangu viwili vilikuwa mapipa. Nilikuwa nimeitazama picha ile kwa miaka miwili, na kioo mkononi, nikatafuta namba ya injini na herufi za shirika, nisione mapipa. Mzee akanieleza kwamba sehemu za njia ile zilikuwa kavu, na gengi lililokaa huko pamoja na wake na watoto halikuwa na kisima cha kutegemea wakati wa kiangazi. Treni ndiyo iliyowaletea maji katika tangi, na unga, na mshahara. Dereva alisimama hapo kwa dakika chache, mapipa yakajazwa, akaondoka. "Sisi tukikawia siku mbili," alisema, "wanawake walikuwa wakitusubiri na matusi."

Nilipokuwa narudi kutoka Korogwe nilielewa jambo ambalo vitabu vya reli havikuniambia. Tumezoea kusema kwamba njia ikikosa treni, tuta lake halitunzwi kwa kuwa hakuna fedha. Ni kweli, lakini si yote. Katika njia kama hii watunzaji wenyewe walinyweshwa na treni. Treni zikipungua, maji yalipungua. Maji yakipungua, gengi lilihama. Gengi likihama, majani yaliota, na majani yakiota treni zilizidi kupungua. Kufa kwa njia hiyo hakukuanza ofisini. Kulianza kwenye pipa. Na ushahidi wa pipa ulikuwa ukutani Mlingotini, katika picha iliyopigwa bila shaka na mtu aliyetaka injini tu.

Serikali ilianza kuifufua njia ya kaskazini, pamoja na kiungo hiki, mwaka 2018. Julai 2019 treni ya mizigo ilifika tena Moshi; Desemba mwaka huohuo ikafuata treni ya abiria kutoka Dar es Salaam, na mwaka 2020 ikafika Arusha. Mimi na wanafunzi wawili tuliazimia kwenda kupiga picha katika nchi ya Bagamoyo, kabla mambo hayajawa ya kawaida na kukosa anayeyatazama. Kwanza tuliomba ruhusa. Iko sheria ya usalama wa taifa ya mwaka 1970 inayokataza kupiga picha mahali palipotangazwa kuwa pa ulinzi, na madaraja na vituo si mahali pa kuchezea; sina ugomvi na sheria hiyo. Lakini barua yetu ilizunguka katika ofisi moja kwa majuma saba, na mtumishi aliyetupokea mara ya mwisho aliniuliza swali ambalo silisahau: "Mwalimu, picha ya nini, na treni yenyewe haipo?" Nilitaka kumjibu kwamba hiyo ndiyo sababu. Nilinyamaza, maana muhuri ulikuwa mezani kwake.

Mwishowe tuliamua kukaa mahali pa watu wote, pale reli inapokatana na barabara itokayo Bagamoyo kwenda Msata. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2020. Tulifika alfajiri. Abiria wa mabasi walitutazama kama wendawazimu. Kijana mmoja mchungaji, aliyekuwa akipitisha ng'ombe, ndiye aliyetupa ratiba ya kweli. Alisema: "Leo litakuja, kwa sababu jana watu walipita wakifyeka." Wapenda treni wa Ulaya, nasikia, husikiliza simu za upepo za madereva wapate kujua kinachokuja, huku kwetu mtu husoma majani.

Lilikuja saa kumi na nusu jioni. Neno tulilolisikia kwa watoto lilikuwa "kichwa! kichwa!", na kwa mwalimu wa Kiswahili hilo lilikuwa na thamani yake. Wazee wa Bagamoyo wangali wakisema gari la moshi hata kwa injini ya dizeli. Watoto hawa, ambao baadhi yao walikuwa wakiiona treni kwa mara ya kwanza, tayari walikuwa na neno la injini, wamelirithi kwa watu walioyaona hayo zamani. Neno lilikuwa limekaa pale bila kitu chake kwa miaka yote hiyo, kama kigoda cha mtu aliyesafiri.

Kilichokuja kilikuwa injini moja ya dizeli, ya zile zilizotengenezwa Montreal, Kanada, zikaagizwa zama za shirika la Afrika Mashariki, ikivuta mabehewa mawili ya kokoto na moja la wafanyakazi. Haikuwa imetajwa katika tangazo lolote. Ilikwenda mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Mwanafunzi wangu wa kwanza alifanya kama nilivyomwagiza: akapiga mbele, akapiga ubavuni, namba ikasomeka, kivuli cha jioni kikaonyesha upande wa magharibi, akaandika saa. Wa pili aliigeuzia reli mgongo. Alipiga picha ya watoto, ya mchungaji aliyewazuia ng'ombe kwa fimbo iliyonyoshwa, ya mama mwenye sinia la mihogo ambaye alilifunika kwa kanga kabla vumbi halijafika, kana kwamba treni ilipita hapo kila siku. Nilimkemea. Nilimwambia kwamba tumekaa juani kwa saa kumi na mbili kwa ajili ya injini, naye amepiga mihogo.

Usiku ule nilikumbuka mapipa, nikampigia simu kumwomba radhi. Alikuwa amelala.

Niseme wazi, nisije nikafahamika vibaya, kwamba simdharau mpiga picha wa injini. Bila namba na bila saa, picha za mwanafunzi wa pili zingekuwa picha za watoto wanaocheka mahali popote. Namba ya injini ndiyo iliyotuwezesha kusema ni lini na ni treni ipi. Na yule mama wa mihogo, aliyejua kufunika sinia, ndiye aliyetuonyesha kwamba treni ilikuwa imekwisha kurudi katika mazoea ya watu kabla haijarudi katika ratiba. Mwaka 2024, reli mpya ya umeme ilipoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi Juni, na Dodoma mwezi Julai, hapakuwa na haja ya kuwatuma wanafunzi. Kila mwenye simu alipiga picha. Ni hizi treni tatu au nne zipitazo porini bila tangazo ndizo zinazohitaji mtu wa kwenda kuzingoja, nami naona idara za historia za vyuo vyetu zingeweza kumtoa mtu huyo kwa gharama ya nauli na chupa za maji.

Nilirudi Mlingotini kuirudisha picha. Kijiji chenyewe kilikuwa na habari yake ya reli. Katika hati za mradi wa bandari kubwa ya Bagamoyo, ambao mkataba wake na Wachina ulitiwa saini mwaka 2013, Oman ikaingia pia, imo reli ya kuiunga bandari na reli ya Kati. Vijiji vya Pande na Mlingotini vimo katika eneo la mradi huo. Oktoba 2015 Rais Kikwete aliweka jiwe la msingi. Baada yake mradi ukasimamishwa, na mwaka 2019 Rais Magufuli aliyaeleza hadharani masharti yake kuwa hayakubaliki. Mwaka 2021 Rais Samia alitangaza kwamba mazungumzo yatafufuliwa. Hivyo basi, reli iliyoiruka Bagamoyo mwaka 1905, na ikaipita kwa nyuma mwaka 1963, imekuwa ikitarajiwa Mlingotini kwa zaidi ya miaka kumi. Picha yake ya pekee ni ya jiwe. Nimeipiga hata hiyo, nikaandika tarehe, kwa kuwa miaka ya kungoja nayo ni sehemu ya historia ya reli, ingawa hakuna anayejua aisimamie wapi ili aipige.

Mkazamjomba alikuwa amekaa uani akikuna nazi. Nilimweleza habari za moshi uliosimama na za mapipa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mapipa hayo aliyajua vizuri, kwani aliolewa huko porini akakaa miaka mitatu, na mtoto wake wa kwanza alizaliwa katika nyumba ya gengi. Nilikuwa sijapata kumwuliza. Nilimwuliza kama yule mwenye bendera ni mjomba. Alifuta mikono kwa kanga, akaichukua picha, akaitazama kwa muda mrefu.

"Huyu si mjomba wako," akasema. "Huyu ni mnyapara wao. Mjomba wako hakupewa bendera hata siku moja. Alikuwa kwenye sururu."

"Basi yuko wapi?"

"Labda behewa la nyuma, wanashusha maji. Labda hayupo. Aliipenda tu hii picha."

Kisha akaniuliza hiyo reli ya bandari, ikija, itapita upande wa makaburini au upande wa minazi yake, nami sikuwa na jibu. Niliazima penseli ya mjukuu wake, nikaigeuza picha, nikaandika: Njia ya Ruvu na Mnyusi. Treni imesimama, inashusha maji ya gengi. Baina ya 1963 na 1977. Mwenye bendera ni mnyapara. Chini yake niliacha nafasi ya namba ya injini, na nafasi nyingine, kubwa kidogo, kwa ajili ya jina la mwaka ambao mkazamjomba aliahidi kuukumbuka kwa kuhesabu umri wa watoto wake. Tukaitundika tena juu ya mlango.